Kichocho, Dimbwi na Chuo Kikuu

Mtu asafiriye kwa barabara itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga hupita Diani, mahali palipo mashuhuri kwa mchanga mweupe na mahoteli ya wageni. Kisha hufika Msambweni, penye minazi, mikorosho na miembe. Msafiri huyo aghalabu hayaoni madimbwi. Nayo yapo, nyuma ya vijiji, katika mabonde madogo ambayo mvua ya masika huyajaza na kiangazi huyakausha. Huko akina mama hufua nguo, ng'ombe hunywa, na watoto watokao shuleni hujitosa jua likiwa utosini. Kwa mtoto hakuna mahali palipo na furaha kupita hapo.

Katika maji hayo huishi konokono mdogo, ambaye ukubwa wake haupiti sana ukucha wa kidole gumba. Hang'ati, hana sumu, wala hakimbii ukimshika. Lakini bila yeye kichocho cha mkojo hakiwezi kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Mwanadamu alichukua zamani nyingi kumtambua konokono wa namna hii, na alipokwisha kumtambua alichukua miaka mingine mingi kujua lifaalo kutendwa. Katika kazi hiyo ya pili watoto wa shule za Msambweni walikuwa na sehemu kubwa kuliko wanavyojua wenyewe. Hiyo ndiyo habari nitakayo kuieleza.

Dalili ya kichocho ijulikanayo na wote ni damu katika mkojo, hasa katika matone ya mwisho, pamoja na maumivu. Mimi hufundisha katika chuo cha ualimu, na kila mwaka nifikapo kwenye somo la afya ya shule huwauliza wanafunzi wangu: ni nani miongoni mwenu aliyepata kuona damu katika mkojo wake utotoni? Darasa hunyamaza. Hakuna mkono uinukao. Kisha huwapa vikaratasi, nikawaomba wajibu pasipo kuandika majina yao. Na kila mwaka vikaratasi visemavyo "ndiyo" huwa vingi kuliko nilivyotazamia. Hawa ni watu wazima walio karibu kuwa walimu. Ikiwa wao hawathubutu kuinua mkono, mtoto wa miaka tisa atathubutu vipi?

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kichocho hupenda kufichwa, maana hakimwangushi mtu kwa siku moja kama kipindupindu. Mtoto huendelea kucheza, lakini damu yake hupungua kidogo kidogo. Huchoka upesi, husinzia darasani, na mwalimu humwita mvivu. Miaka ikipita, mayai ya mnyoo hukwama katika kuta za kibofu na kuacha makovu. Njia ya mkojo huweza kuziba, figo zikavimba na kuharibika. Na katika watu wengine, baada ya miaka mingi, kibofu hupatwa na saratani. Katika sehemu kadha wa kadha za Afrika ugonjwa huu ulienea hata watu wakaidhani damu ya mvulana kuwa ni alama ya kubalehe. Jambo likiwapata wote huacha kuitwa ugonjwa, likaitwa desturi.

Wala si ugonjwa mpya. Mwaka wa 1910 mtaalamu aitwaye Marc Armand Ruffer, aliyekuwa akifanya kazi Misri, alichungua figo za maiti zilizokaushwa na kuhifadhiwa tangu zama za Mafirauni, yapata miaka 3,000 iliyopita. Humo aliyaona mayai ya kichocho. Basi fundi wa kale aliyechonga mawe ya mahekalu, na mkulima aliyenywesha shamba lake kwa maji ya Nili, waliyajua maumivu yale yale ayajuayo mtoto wa Msambweni leo.

Lakini kuyajua maumivu si kuijua sababu. Mnyoo wenyewe haukuonekana mpaka mwaka wa 1851. Daktari kijana wa Kijerumani, Theodor Bilharz, mwenye umri wa miaka 26, alikuwa akipasua maiti katika hospitali ya Qasr al-Ayni mjini Kairo, ambayo ilikuwa pia chuo cha kufundishia madaktari. Ndani ya mishipa ya damu ya tumbo aliona mnyoo mweupe wa ajabu. Dume alikuwa na mfereji katika mwili wake, na ndani ya mfereji huo alimkumbata jike aliye mwembamba kama uzi. Bilharz aliwaandikia wenzake wa Ujerumani habari hiyo, na kwa heshima yake ugonjwa ukaitwa bilhazia. Yeye mwenyewe hakuishi sana: alifariki Kairo mwaka wa 1862, akiwa na umri wa miaka 37.

Mnyoo ulikuwa umeonekana, lakini swali lililo gumu zaidi lilibaki: huingiaje mwilini? Mwalimu mashuhuri wa chuo cha madaktari cha Kairo, Profesa Arthur Looss, alishikilia kwamba kitoto cha mnyoo kitokacho katika yai humwingia binadamu moja kwa moja majini, pasipo kupitia kwa kiumbe kingine. Looss hakuwa mtu wa kudharauliwa. Yeye ndiye aliyegundua kwamba vijidudu vya safura hupenya ngozi ya mtu. Kwa kuwa alisema kweli katika jambo moja kubwa, watu waliona vigumu kumkanusha katika jambo la pili. Na kwa njia hiyo heshima ya mtu mmoja ilichelewesha ukweli. Ninyi mnaosoma vitabu liangalieni hilo. Elimu huwaheshimu wakubwa wake, lakini haimpi mkubwa yeyote haki ya kutoulizwa.

Jibu lilianza kutoka mbali. Mwaka wa 1913 Wajapani wawili, Keinosuke Miyairi na Minoru Suzuki, wa chuo kikuu cha Kyushu, walionyesha kwamba kichocho cha Japani, kilicho ndugu wa kichocho chetu, hupitia kwa konokono. Miaka miwili baadaye, Vita Kuu ya kwanza ikiwa imepamba moto, Uingereza iliogopa kwamba askari wake waliokuwa Misri wangeshikwa na bilhazia. Ikamtuma Robert Leiper, wa chuo cha maradhi ya nchi za joto cha London. Leiper alikusanya konokono wa mifereji ya mashambani karibu na Kairo, akawapasua mmoja mmoja chini ya hadubini, akathibitisha kwamba kichocho cha mkojo kina konokono wake, na kichocho cha matumbo kina konokono wake mwingine. Konokono wa Msambweni ni wa jamaa ile ile ya konokono wa kichocho cha mkojo aliyetambuliwa na Leiper.

Tazameni basi jinsi mambo yanavyofungamana. Mtoto mgonjwa hukojoa majini, na mayai hutoka pamoja na mkojo. Kila yai hupasuka, kikatoka kijidudu kisichoonekana kwa macho matupu, nacho huogelea kumtafuta konokono. Kisipompata katika muda wa saa chache, hufa. Kikimpata humwingia, na ndani yake huzaana kwa wingi. Baada ya majuma kadhaa konokono huanza kutoa majini maelfu ya vijidudu vyenye mkia, hasa wakati wa mchana, jua linapowaka. Huo ndio wakati watoto wapendao kuogelea. Kijidudu humgusa mtu, huacha mkia wake nje, hupenya ngozi kwa dakika chache, husafiri katika damu, hukua, hujipatia mwenzi, na hatimaye mnyoo jike hutaga mayai karibu na kibofu. Minyoo hiyo aghalabu huishi miaka mitatu hadi mitano, na mingine huishi zaidi sana. Mnyororo huo una pete nne: mtu, mkojo, konokono na maji. Ukikata pete moja, mnyororo wote hukatika. Kwa maneno ni rahisi. Kwa vitendo historia imeonyesha vingine.

Pete ya kwanza iliyojaribiwa kukatwa ilikuwa mtu mwenyewe, kwa kumtibu. Katika mwaka wa 1917 daktari J. B. Christopherson, katika hospitali ya Khartoum nchini Sudani, alianza kuwadunga wagonjwa wa bilhazia dawa iliyotengenezwa kwa madini ya antimoni. Dawa iliua minyoo, lakini mgonjwa alipaswa kudungwa mshipani mara nyingi kwa majuma kadhaa, na alitapika na kudhoofika. Hata hivyo, kwa kukosa iliyo bora, ndiyo iliyotumika kwa miaka mingi. Huko Misri, tangu miaka ya 1950 hadi mwanzo wa miaka ya 1980, watu wengi sana vijijini walidungwa sindano hizo katika vita vya serikali dhidi ya kichocho. Nia ilikuwa njema. Lakini sindano zilikuwa chache, foleni zilikuwa ndefu, na mara nyingi sindano moja ilipita kutoka mkono hadi mkono bila kuchemshwa ipasavyo. Kwa njia hiyo kirusi cha ugonjwa wa ini, ambacho hakikutambuliwa na wataalamu hadi mwaka wa 1989, kilisambazwa katika nchi nzima. Watu walioponywa kibofu waliugua ini. Nalitaja jambo hili ili msije mkadhani kwamba historia ya uganga ni safari ya kupanda daima. Haraka imo ndani yake, na makosa yamo, na waliolipa gharama ya makosa hawakuwa waliokosa.

Katika miaka ya 1970 zilikuwapo dawa za kumeza, zisizohitaji sindano. Moja iliitwa metrifonati. Nyingine, iliyopatikana Ujerumani katika miaka hiyo hiyo, iliitwa prazikwanteli. Sasa maswali yalikuwa mengine: ipi ifaayo shule za Afrika? Itolewe mara ngapi? Je, mtoto aliyetibiwa hupona kabisa, au huugua tena? Na je, kibofu kilichokwisha haribika huweza kurudia hali yake? Maswali haya hayajibiki katika chupa za maabara. Hujibiwa mahali watu waishipo na kuugua, tena kwa miaka mingi. Ndipo jina la Msambweni linapoingia katika vitabu vya utabibu.

Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, kilichoko katika mji wa Cleveland nchini Marekani, kilikuwa kikishirikiana na Wizara ya Afya ya Kenya tangu miaka ya 1970 kuchungua kichocho cha matumbo katika nchi ya Machakos. Mmoja wa wakubwa wa kazi hiyo, Adel Mahmoud, alikuwa mzaliwa wa Kairo, mji ule ule ambamo Bilharz aliuona mnyoo. Katika miaka ya 1980 ushirikiano huo ulifika pwani ya kusini kuchungua kichocho cha mkojo. Kwa upande wa chuo kikuu alikuwapo daktari Charles King. Kwa upande wa Wizara, katika idara ihusikayo na maradhi yaletwayo na wadudu na konokono, walikuwapo wataalamu wa Kenya John Ouma na, baadaye, Eric Muchiri. Pwani haikuchaguliwa kwa bahati. Katika Msambweni mara nyingi zaidi ya nusu ya watu walikuwa na ugonjwa huu, na watoto wa shule ndio waliokuwa nao kwa wingi zaidi.

Kazi yenyewe ilianza kwa kitu kidogo sana: kichupa. Mtoto alipewa kichupa, akaenda chooni au nyuma ya mti, akarudi nacho kimejaa mkojo. Ilifaa mkojo upatikane karibu na adhuhuri, maana ndio wakati mayai yatokapo kwa wingi. Mililita 10 za mkojo hupitishwa katika chujio jembamba, mayai yakabaki juu ya chujio, na mtu aliyekaa mbele ya hadubini akayahesabu moja moja. Hesabu hiyo ilieleza si tu kwamba mtoto ni mgonjwa, bali ni mgonjwa kwa kiasi gani. Kadhalika ililetwa mashine itumiayo mawimbi ya sauti, ambayo huonyesha kibofu na figo bila kumkata mtu wala kumuumiza. Kwa mashine hiyo iliwezekana kuona makovu ndani ya watoto waliokuwa wakikimbia uwanjani kama wazima.

Fikirini ugumu wa kichupa kile. Yule mtoto aliyekuwa akificha damu yake kwa mama yake aliombwa kuileta mbele ya watu asiowajua, katika chombo kinachoonyesha kila kitu. Lakini watoto walileta. Walileta mwaka wa kwanza, wakaleta mwaka wa pili. Kama wangekataa, mashine na elimu yote ya Cleveland isingalifaa kitu.

Swali la kwanza lilipata jibu. Watoto wengine walipewa metrifonati mara tatu kwa mwaka, wengine wakapewa prazikwanteli mara moja. Dawa zote mbili zilipunguza mayai na kupunguza damu. Lakini prazikwanteli iliweza kufanya kwa siku moja kazi ambayo nyingine iliifanya kwa siku tatu. Kwa mtu wa mjini tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mwalimu wa shule ya kijijini, awakusanyaye watoto mia kadhaa chini ya mwembe, na ajuaye kwamba baadhi yao hawatakuwapo siku ya pili, tofauti hiyo ndiyo kila kitu.

Swali la pili lilileta jibu la huzuni. Kazi ya kuwatibu watoto shuleni iliendelea miaka 9, tangu 1984 mpaka 1992, na hesabu zake zilionyesha kwamba wengi waliopona walirudi kuugua. Watoto wadogo waliugua tena upesi kuliko wakubwa. Tena kijiji na kijiji havikuwa sawa: mahali alipoishi mtoto palikuwa na neno kubwa juu ya kuugua kwake. Kwa nini? Karibu na mwaka wa 2000 wataalamu walichora ramani ya vijiji vya Milalani na Nganja, wakaweka humo nyumba, wagonjwa na madimbwi, na wakawachungua konokono. Wagonjwa waliokuwa na mayai mengi hawakutawanyika ovyo kama mbegu zilizorushwa; walikusanyika kulizunguka dimbwi lenye konokono wengi watoao vijidudu. Ramani ilisema jambo ambalo hadubini peke yake haikuweza kulisema: mtoto hunywa dawa, lakini dimbwi halinywi.

Je, basi kazi yote ilikuwa bure? Hapa ndipo swali la mwisho lilipotoa faraja. Wataalamu walirudi Msambweni kuwatafuta watu waliotibiwa utotoni, miaka 10 hadi 18 iliyopita, nao sasa wamekuwa watu wazima. Waliwalinganisha na wenzao ambao hawakupata kutibiwa. Waliotibiwa zamani walionekana kuwa na madhara machache zaidi ya kibofu. Kidonge kilichomezwa chini ya mwembe kilikuwa kimemlinda mtu mpaka siku za utu uzima wake. Hivyo Msambweni ilifundisha mambo mawili kwa pamoja: usiache kumtibu mtoto kwa kuwa ataugua tena, wala usidhani umemaliza kazi kwa kuwa umemtibu.

Mafundisho ya namna hii, kutoka Msambweni na kwingineko, yaliingia katika mashauri ya ulimwengu. Mwaka wa 2001 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani uliazimia kwamba mataifa yenye kichocho yawape dawa angalau asilimia 75 ya watoto wa umri wa shule walio katika hatari. Kenya ilianza kampeni ya kitaifa ya dawa za minyoo mashuleni mwaka wa 2009, na prazikwanteli ikatolewa katika sehemu zenye kichocho. Hata hivyo watoto wa chini ya umri wa shule waliachwa nyuma kwa miaka mingi, kwa kuwa kidonge kilikuwa kikubwa na kichungu. Dawa iliyotengenezwa kwa ajili yao ilijaribiwa katika Kenya na Kodivaa, na ikakubaliwa na wakaguzi wa dawa wa Ulaya mwishoni mwa mwaka wa 2023.

Yapasa sasa tuulize kwa haki: katika kazi hii chuo kikuu kilipata nini, na kijiji kilipata nini? Chuo kikuu kilipata elimu na sifa. Makala yaliandikwa na kusomwa Ulaya na Marekani, na vijana walipanda daraja za uprofesa. Kijiji kilipata dawa, na hilo si dogo. Lakini elimu yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza, katika majarida ambayo hayafiki kwenye shule zilizotoa vichupa. Mwanafunzi wa Kwale huweza kutaja mito ya nchi za mbali, asijue kwamba dimbwi lililo nyuma ya kijiji chake lina ramani katika maktaba za ng'ambo. Naona hilo kuwa deni. Wala halilipwi kwa fedha. Hulipwa kwa kuirudisha habari pale ilipotoka, katika lugha ya wenyewe.

Deni hilo ni kubwa zaidi kwa wasichana. Mayai ya mnyoo hayaumizi kibofu peke yake; huumiza pia sehemu za uzazi za wanawake, yakaleta vidonda, maumivu, na pengine utasa. Msichana au mwanamke aliye na hali hiyo hudhaniwa kwamba amepata maradhi kwa zinaa. Huonewa na jamaa zake, na pengine hata na wale waliopasa kumtibu, hali kosa lake lote lilikuwa kufua nguo za nyumba. Tazameni jinsi ujinga unavyoweza kumpokonya mtu heshima yake. Mwalimu au mwanafunzi ajuaye habari hii anaweza kumwokoa mwenzake kwa neno moja tu.

Je, kichocho kinaweza kwisha? Kinaweza, maana kuna nchi iliyokimaliza. Japani, nchi ya Miyairi na Suzuki, ilitangaza mwaka wa 1996 kwamba kichocho chake kimekwisha. Haikukimaliza kwa dawa tu: iliwatibu watu, iliwaua konokono, na ilijenga mifereji ya mashamba kwa saruji, hata konokono wakakosa pa kuishi. Karibu nasi zaidi, katika Unguja na Pemba, kazi kubwa ilifanywa kati ya mwaka wa 2011 na 2017. Watu wote walipewa dawa mara mbili kwa mwaka. Mahali pengine waliuawa konokono pia, na mahali pengine watoto walifundishwa kubadili mazoea yao. Ugonjwa ulipungua sana, lakini haukwisha. Ulibaki katika sehemu chache kama kaa la moto lililofunikwa kwa majivu. Mafundisho ya Msambweni yalikaririwa Visiwani.

Kazi hiyo sasa haiwangoji watu wa Cleveland peke yao. Mombasa kumekuwa na Chuo Kikuu cha Ufundi tangu mwaka wa 2013, na wataalamu wake wamefanya uchunguzi wa maradhi katika Kwale pamoja na wenzao wa ng'ambo. Kutoka Msambweni mpaka huko ni safari ya saa chache pamoja na kivuko cha Likoni. Mtoto aliyezaliwa kando ya dimbwi anaweza leo kuwa ndiye akaaye mbele ya hadubini. Naye atakuwa na jambo ambalo mgeni hawezi kulipata kwa urahisi: atajua ni dimbwi lipi lisilokauka, akina mama hufua siku gani, na kwa nini choo cha shule kiko mbali hata watoto huona heri kwenda vichakani.

Mwaka mmoja, baada ya kukusanya vile vikaratasi vyangu, kijana mmoja kutoka upande wa Msambweni alisimama. Alieleza mbele ya darasa zima kwamba baba yake alikuwa miongoni mwa watoto waliotoa vichupa, na kwamba mpaka leo huwasimulia wanawe jinsi walivyoona haya siku ya kwanza, na jinsi haya hiyo ilivyokwisha walipoona kwamba kila mmoja ana kichupa chake mkononi. Kisha kijana akaongeza kwamba na yeye mwenyewe alipata kuugua, akatibiwa, na hana la kuficha.

Darasa lilinyamaza tena kitambo kidogo. Halafu mkono mmoja ukainuka nyuma, na mwingine dirishani, na mwingine.